Mume wangu alikuwa anarusha jeti za matajiri, sasa ana miezi saba nyumbani Kigoma. Niuze kiwanja cha Gungu?

BARUA

Shikamoo Mjomba. Naomba jina langu ulifiche, andika tu mama wa watoto wawili wa Mwanga, Kigoma, wenye kujua watajua na wasiojua waache wasome.

Mume wangu ni rubani. Sio wa haya mabombadia yanayotua hapa kwetu, hapana, yeye alikuwa kwenye zile jeti ndogo za matajiri, yake ilikuwa inaitwa Challenger 604. Tulipoanza uchumba alikuwa kwenye Caravan, ile ndege ndogo, anapeleka watalii Mahale na Katavi, mshahara wa kawaida tu ila tunakula na tunacheka. Miaka sita nyuma akapata kazi nje kupitia ajenti mmoja, tajiri mwenyewe ana biashara zake Afrika Magharibi ila ndege inalala huko Ghuba. Akaanza kama msaidizi dola 6,500 kwa mwezi, baadae akawa kapteni dola 10,500, wiki sita kazini wiki tatu nyumbani. Mjomba hizo hela kwa Kigoma we acha tu. Mtaani wakaanza kumwita Bosi wa Dubai, na yeye akapenda.

Sitaki kumsema vibaya mume wangu kwa sababu alitubeba. Mi nafanya biashara ya dagaa na mawese, nanunua Kibirizi napeleka Dar, na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, ile ya Mei 15 mpaka Agosti 15, mi sikuwa na kitu kabisa, mshahara wake ndio ulilipa ada na kula yetu na mpaka wafanyakazi wangu wawili niliwasaidia. Kwahiyo hilo nalikumbuka.

Shida ilianza mwaka jana, mshahara ukaanza kuchelewa, mara benki imegoma, mara mhasibu kasafiri, wakawa wanamwambia wewe endelea kurusha tutakulipa yote pamoja. Ikafika miezi mitatu hajalipwa. Akaja nyumbani kwenye zile wiki zake tatu, siku mbili kabla ya kurudi akapigiwa simu kwamba ndege imeuzwa asisumbuke kuja, vitu vyake watavituma. Basi. Miaka sita imeisha kwa simu ya dakika nne, mi nilikuwa jikoni nasikia.

Toka siku hiyo ni miezi saba. Anaamka anakaa barazani na simu, ana magrupu ya marubani kama kumi huko WhatsApp, usiku nashtuka namkuta macho yanamulika na simu. Kuna rafiki yake wa zamani alimwambia kampuni fulani ya Caravan inatafuta watu, mi nikafurahi nikamwambia si uende kwanza, Mjomba alinijibu kitu ambacho sijakisahau, kwamba mi nataka arudi kuwabebea wazungu mabegi ili watu waone amefeli. Nyumba yetu imeishia kwenye renta, mama mkwe yuko Ujiji hajui chochote anajua mwanae yuko likizo ndefu, na ndugu bado wanakuja kukopa. Mwezi uliopita kamchangia binamu yake harusi laki tano, taslimu, na hizo zilikuwa hela za magunia yangu ya dagaa.

Sasa kubwa lililonifanya niandike ni hili. Kuna ajenti mwingine kamwambia kuna kazi ya Gulfstream, jeti nyingine ya matajiri, dola 15,000 kwa mwezi, siku 28 kazini siku 28 nyumbani. Ila inabidi kwanza ajilipie mwenyewe reitingi ya hiyo ndege, dola 42,000, na dola 1,800 za kushughulikia makaratasi, hizi 1,800 zinatakiwa wiki hii. Wanasema akishafanya kazi miezi sita atarudishiwa zote. Hiyo ni zaidi ya milioni mia moja Mjomba. Anataka tuuze kiwanja changu cha Gungu, ambacho nilikinunua kwa hela ya dagaa kabla hata hajaenda nje, na hilo boma la nyumba, na kinachopungua akakope kwa kaka yake Kasulu. Nikiuliza maswali anasema mi sielewi hii kazi, ni ya konekisheni, nafasi ikipita imepita.

Kweli siielewi. Ndio maana nakuuliza wewe maana nasikia uliwahi kuifanya. Hizo kazi zipo kweli huko nje? Mshahara wa kweli ni kiasi gani? Na nikikataa kuuza si nitakuwa mke aliyemkata mumewe mabawa?

Mama wawili, Mwanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa, maana ile simu ya dakika nne hata mimi niliwahi kuipokea.

Nianze na ulichouliza mwisho. Kiwanja usiuze. Na hizo dola 1,800 za wiki hii zisitoke hata shilingi, mengine tutaongea taratibu lakini hilo lifanye leo kabla hujaenda Kibirizi.

Sasa nikueleze kwanini, na nitakueleza kama unavyoeleza mtu bei ya gunia, maana mumeo anakwambia huelewi na mi naona unaelewa sana, ila hujaonyeshwa mahesabu tu.

Reitingi ni kibali kwenye leseni kinachosema huyu anaruhusiwa kurusha ndege ya aina hii. Kila jeti ina yake. Unaenda kwenye simuleta, ile mashine ya kuigizia kurusha ndege, sehemu kama Savannah au Dallas huko Marekani, au Uingereza, au Dubai, unakaa kama wiki mbili tatu hivi, unatoka na karatasi. Bei kweli ni makumi ya maelfu ya dola kwa Gulfstream, kwahiyo hiyo 42,000 kama namba sio ya ajabu, na hapo ndipo mtu anapoaminishwa, bei ni ya kweli basi anaona na kazi ni ya kweli. Lakini kwenye hizi jeti za matajiri kawaida anayelipia ni mwenye ndege au kampuni inayomtunzia ndege, alafu rubani anasainishwa bondi, kwamba ukiondoka kabla ya mwaka mmoja au miwili unarudisha hela. Bondi inamfunga rubani baada ya tajiri kulipa. Hii ya mumeo imegeuzwa, rubani ndio analipa alafu tajiri hajafungwa na chochote. Atarudishiwa na nani? Kwa mkataba upi? Wa ndege gani, yenye namba gani ya usajili mkiani? Muulize hayo matatu, asikujibu kwa ukali, akujibu kwa karatasi.

Alafu kuna mtu mmoja kwenye hii biashara ambaye matangazo ya kazi hayamtaji kabisa nae ni mtu wa bima. Jeti ya dola milioni 20 au 40 hairushwi na mtu ambaye bima hawajamkubali, jina lako linapelekwa kwao na masaa yako ya kurusha, na wanachouliza kwanza ni una masaa mangapi kwenye aina HIYO ya ndege, na simuleta ya mwisho uliingia lini. Ndio maana matangazo mengi utakuta wanataka masaa 500 au 1,000 ya aina hiyo. Mtu mwenye reitingi mbichi ya Gulfstream na masaa sifuri, nje ya kampuni inayomlea, ni kama mtu mwenye leseni ya basi ambaye hajawahi kutoka nalo stendi. Na kumpa ukapteni wa 15,000 moja kwa moja? Hela hiyo ipo, sikatai, makapteni wa Gulfstream wenye uzoefu wanaipata na zaidi, lakini ni wenye masaa ya Gulfstream.

Na hapa ndipo namshangaa mumeo kidogo. Miaka sita kwenye Challenger, mpaka ukapteni, atakuwa na masaa yasiyopungua elfu moja na mia kadhaa kwenye ndege ile (hizi jeti hazirushwi sana, masaa 300 mpaka 400 kwa mwaka ni kawaida, siku nyingi unakaa hotelini unamsubiri tajiri amalize kikao). Huo ndio utajiri wake! Reitingi ya 604 ndio hiyohiyo ya 605 na 650, anaongezewa mafunzo ya tofauti tu. Challenger za ukoo huo ziko dunia nzima, Afrika zimo, Ghuba zimo, Ulaya zimo. Yeye anataka kuacha shamba lililozaa akauze kiwanja cha mke akanunue shamba jipya lisilo na mbegu.

Swali moja muulize usiku wa leo, kwa upole, simuleta yako ya mwisho ilikuwa tarehe ngapi. Waajiri na watu wa bima wanataka iwe ndani ya miezi 12, marubani tunasema uwe karenti. Kama ilikuwa miezi mitatu kabla ya ile simu, basi ana kama miezi miwili tu imebaki, na ikipita hiyo CV yake inashushwa chini ya rundo hata kama ana masaa mengi kuliko wenzake. Kurudia simuleta ya ndege uliyonayo tayari ni siku chache, sio wiki tatu, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na reitingi mpya ingawa bado ni maelfu ya dola. Kama kuna siku itabidi mtoe hela yenu mfukoni, itoke kwa hicho, na itoke pale ambapo kuna mkataba uliosainiwa mezani unaosema wakikuona karenti unaanza.

Ukauliza mshahara wa kweli. Haya.

Marekani sasa hivi kapteni wa jeti kubwa kupata zaidi ya dola laki 2 kwa mwaka ni jambo la kawaida, kwa sababu kuanzia 2021 mashirika makubwa ya abiria yalianza kuwanyang'anya marubani, matajiri na makampuni yao ikabidi wapandishe dau wasibaki na ndege bila watu. NetJets, ile kampuni kubwa kuliko zote, marubani wake wana chama chao na 2024 walipata mkataba mpya wenye nyongeza nzito. Vibarua wa siku kule, wale wa kuitwa ukihitajika, kapteni wa jeti kubwa anaweza kudai dola 1,500 kwa siku au zaidi. Mumeo anaona hizo namba kwenye magrupu. Tatizo sio namba, tatizo hawezi kuzigusa, hana kibali cha kufanya kazi kule na hana leseni ya kule. Ulaya vilevile, tangazo litasema lazima uwe na haki ya kuishi na kufanya kazi Umoja wa Ulaya na leseni ya EASA, mamlaka ya anga ya huko, na kuipata hiyo leseni ukiwa na ya kwetu ni kukaa chini kufanya mitihani 13 ya nadharia upya, watu wazima wenye masaa elfu 8 nimewaona wanalia na vitabu.

Kwahiyo soko lake yeye ni hili la katikati, Ghuba na Afrika na kidogo Asia, ambapo ofa nilizokuwa naziona mimi kwa Challenger zinacheza kama 6,000 mpaka 9,000 kwa msaidizi na 10,000 mpaka 14,000 kwa kapteni. Alichokuwa anapata sio uongo.

Ila tuchukue kalamu. Mwaka jana alitakiwa apate 10,500 mara miezi 12, hiyo ni dola 126,000. Mitatu hajalipwa, zinabaki 94,500. Ukijumlisha na hii miezi saba ya barazani ni miezi 19. Gawanya. Inakuja kama dola 5,000 kwa mwezi, hapo bado hujatoa tiketi na matibabu kama alikuwa anajilipia. Bado ni hela nzuri, sikatai, lakini sio 10,500, na huo ndio mshahara wa hii kazi kwa mtu wa kwetu, unahesabu na miezi ya kukaa. Nilichelewa sana kujua hili, mimi nilijenga kwa mshahara wa kwenye karatasi nikaja kuuza mabati.

Na jingine, nina uhakika karibu wote kwamba mkataba wake ulikuwa na kampuni ya ajenti iliyosajiliwa kisiwani huko, sio na mwenye ndege. Ndio mtindo. Falme za Kiarabu kwa mfano hakuna kodi ya mshahara, na sheria yao inampa mfanyakazi kiinua mgongo, siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo. Ila hiyo ni kwa aliyeajiriwa kwa mkataba wa kule. Wa ajenti wa kisiwani anaitwa mkandarasi, hana kiinua mgongo, hana notisi ya maana, hana NSSF. Miaka sita yote hiyo na kama hakuchangia NSSF kwa hiari ana sifuri. Shirika la ndege la abiria lingekuwa na mlolongo wa ukubwa kazini, chama, mtu wa kumlilia. Kwenye jeti ya tajiri kazi yako ina uhai sawa na hamu ya mtu mmoja ya kumiliki ndege.

Hapo ndio nije kwenye kama kazi zipo. Zipo, lakini wewe mtu wa dagaa utanielewa haraka kuliko mumeo. Si unajua mbalamwezi ikiwaka watu wa Kibirizi wanaanika nyavu? Taa haivuti samaki, unasubiri giza. Hizi kazi ziko hivyohivyo. Korona ilipokuja 2020 mashirika makubwa yalilala chini, lakini wenye hela wakakimbilia jeti binafsi, 2021 na 2022 zikaruka kuliko hata kabla ya korona, lilikuwa giza nene, kila mwenye leseni alivua. Baadae ikatulia. Kabla ya hapo miaka ya 2010 Wachina walikuwa wananunua jeti na kulipa wageni vizuri mno, ikapita. Februari 2022 Urusi ilivyoingia Ukraine, vikwazo vikashuka, jeti za matajiri wa Kirusi zikapaki, marubani wake wa mataifa mbalimbali wakaamka hawana kazi na hawakuwa wamekosea kitu. Mumeo pia hakukosea kitu. Hilo mwambie, nadhani hajaambiwa na mtu.

Alichokosea ni kimoja na tulikikosea wengi. Leseni yake ni ya TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, nzuri kabisa inatambulika, lakini ndege ile bila shaka ilisajiliwa kwingine, Cayman au Aruba au San Marino huko, matajiri wanapenda sana hizo rejista, na yeye akapewa validesheni, yaani kibali kilichoegemea leseni yake ya nyumbani, cha muda, cha ndege ile. Ndege ikiuzwa, kibali nacho ni karatasi ya kufungia maandazi. Miaka sita alikuwa na hela ya kutafuta leseni ya pili, ya Wamarekani kwa mfano, maana jeti nyingi mno duniani hata zinazokaa Afrika zina herufi N mkiani na zinataka leseni yao. Masaa 1,500 anayo, umri miaka 23 kavuka zamani, kuna kozi ya lazima kabla ya mtihani wa nadharia tangu 2014 ambayo ni kama dola elfu 5, kuna ukaguzi wao wa usalama kwa wageni, viza, alafu mtihani wa vitendo. Simwambii akimbilie leo, hela hakuna. Namwambia mshahara wa kwanza utakaokuja usiende kwenye renta wala kwenye harusi ya binamu, uende huko.

Sasa hela ya kutafuta kwanza iko wapi? Mwanangu, mmeshaipoteza machoni. Miezi mitatu mara 10,500 ni dola 31,500! Wakati nyie mnapanga kuuza kiwanja kuna mtu huko ana hela yenu inayokaribia bei ya hiyo reitingi. Akae chini atafute mkataba, slipu za benki, meseji za tutakulipa yote pamoja, kumbukumbu za safari alizorusha miezi ile (kitabu chake cha masaa ni ushahidi, kila safari ina tarehe). Aangalie mkataba unasema migogoro ni ya sheria ya nchi gani. Aende kwa wakili, hata wa hapa mjini aanze nae kuandika barua ya madai, iende kwa ajenti NA kwa kampuni iliyokuwa inatunza ndege, kwa sababu kampuni hizo zinaishi kwa jina na hazipendi marubani wengine wasikie. Mi sikulipwa yote kwenye yangu, nililipwa nusu, ila barua ya wakili ilifanya kwa wiki tatu kitu ambacho simu zangu za kubembeleza hazikufanya kwa mwaka. Na asikawie, madai ya mshahara yana muda wake yakipita yamepita.

Huyo ajenti mpya. Labda sio tapeli, sijui mi simjui, lakini mpimeni hivi: aseme mwendeshaji wa ndege ni nani, alafu mumeo atafute mwenyewe namba ya hiyo kampuni, asipige ile atakayopewa na ajenti, awaulize kama wanaajiri. Hela ya simuleta kama ni ya kulipwa ilipwe chuo chenyewe kwa jina la mumeo. Ajenti halali analipwa na mwajiri, hata mkataba wa ILO, shirika la kazi duniani, namba 181 wa mwaka 1997 unasema mtafuta kazi asitozwe. Akianza kusema nafasi inapotea kesho, mwambieni ipotee.

Tubaki kwenye Caravan, maana naona ndio kidonda chenyewe.

Mimi nilikaa miezi 14. Nilikuwa namwambia mama mkwe niko likizo, nikawa natoka asubuhi nimevaa shati jeupe naenda kukaa bandarini naangalia meli mpaka saa kumi. Mke wangu alijua siku ya kwanza kabisa, alininyamazia kunitunzia heshima, na kunyamaza kwake ndio kulinichelewesha. Niliporudi kwenye ndege ndogo nilidhani watu watanicheka, wiki mbili tu hakuna aliyekumbuka. Watu wana ada za watoto wao.

Kwa hesabu ya kazi tu, rubani anayerusha Caravan leo anaajirika kuliko rubani wa jeti anayekaa barazani. Medikali, yaani cheti cha afya cha rubani, inabaki hai, ukaguzi wa kurusha kwa vyombo bila kuona nje unabaki hai, kitabu cha masaa hakina tundu la miezi saba ambalo kila anayemhoji ataliuliza, na anaongea na watu walioko uwanjani badala ya magrupu ya usiku. Viwanja vya Caravan ndipo wenye jeti wa Afrika Mashariki wanapofikia na wageni wao, kazi ya pili niliipatia hapohapo, namsaidia mtu kushusha begi. Ndio, begi la mzungu. Na asisahau nyumbani, mashirika ya abiria ya hapa yanatafuta watu wenye masaa yake, ataanza kiti cha kulia na mshahara hautakuwa wa Dubai, ila ni kazi ambayo mwenye ndege haamki akaiuza.

Kuhusu kukata mabawa. Kiwanja ni chako, ulikinunua kwa dagaa kabla ya jeti, na kikiuzwa hao watoto wawili hawana pa kuangukia ziwa likifungwa tena. Usimwambie sitaki. Mwambie kiwanja hakiuzwi, ila mtaji wangu wa dagaa nitautoa kiasi kwa wakili na nauli ya kwenda kuonana na hao wa Caravan, na siku ukiniletea mkataba uliosainiwa wa Challenger, kama wanadai simuleta ya kuhuisha tutakaa tena tuongee. Hapo umempa kitu cha kushika mkononi.

Na mama mkwe wa Ujiji aambiwe, aambiwe na mwanae mwenyewe, mkiwa wote wawili, siku ya Jumapili mkila ugali na migebuka. Akishajua yeye, maombi ya mikopo yatapungua nusu yenyewe bila nyie kusema neno, namjua mama wa Ujiji atawafukuza yeye. Ile laki tano ya harusi iache, imeshaliwa.

Nipe majibu ya ile tarehe ya simuleta, nina watu wawili watatu bado wako kwenye Challenger naweza kuwauliza, kuuliza tu, siahidi. Na akirudi kwenye Caravan mwambie siku akipita Kigoma atikise mabawa juu ya Bangwe, mi nakuwaga barazani kuanzia saa tisa.

Mjomba